Nyumba Nayo Ivae Idi

Kila mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani linapoingia na wanawake wa mitaa yetu wanapoanza kuteremsha mapazia na kutoa mikeka uani ikung'utwe vumbi, huzuka mabarazani kauli moja ambayo imekwisha kupata heshima ya uzee, si kwa ukweli wake bali kwa wingi wa vinywa vilivyoipitisha: ya kwamba Idi ni ibada na moyo, ya kwamba kuipamba nyumba na kupeana zawadi ni israfu iliyojitia vazi la furaha, na ya kwamba kila senti itokayo kwa ajili ya ua, udi au doti ya kanga ni senti aliyodhulumiwa maskini. Huisema maalimu akaitikiwa na wanafunzi, huisema baba wa nyumba akiwa amekwisha kupapasa mfuko wake, na siku hizi huisema hata kijana aliyesoma, ambaye huiongezea ushahidi wa pili, kwamba mapambo ya sikukuu hayakuwa desturi ya mababu zetu ila tumeyachukua kwa wenye Krismasi. Wanaojibu ni wachache, kwani ni nani apendaye kusimama mtetezi wa maua mbele ya mtetezi wa maskini? Nami nimenyamaza miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo.

Nataka kuanza kwa insafu, maana malumbano yasiyo na insafu ni ugomvi mtupu. Wasemao hivyo aghalabu ni watu wema, na si mabahili wote, ingawa mabahili nao wamejificha kwa wingi nyuma ya kauli hiyo kama wajifichavyo wavivu nyuma ya subira. Wapo waliochoshwa na kuona baba wa watoto sita akikopa ili abadili makochi, na mama akiweka rehani vipuli vyake ili sebule yake isichekwe na mawifi. Hayo yapo, na anayeyalaumu yuko pamoja nami. Lakini mtu aliyeona mmoja ameanguka mnazini hasemi kwamba nazi zisiliwe.

Mwaka uliopita, baada ya sala ya alasiri, nilipita barazani nimebeba furushi la miyaa iliyotiwa rangi, nyekundu na zambarau, iliyonunuliwa kwa ajili ya nyumba yangu. Mzee mmoja ambaye namheshimu kama ndugu wa baba yangu akaniita.

"Mwanangu, hiyo ya nini tena?"

"Ya kawa, ami. Watu wa nyumbani wanataka kushona kawa za sikukuu."

"Kwani za zamani zimeoza?"

"Hazijaoza, ami."

"Basi hiyo ndiyo israfu yenyewe. Mwenyezi Mungu hatazami kawa, baba, atazama moyo."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa adabu, nikaenda zangu na furushi langu. Makala haya ni jibu ambalo sikuwa nalo siku ile, na ambalo nisingethubutu kumpa ami yangu mbele za watu hata kama ningekuwa nalo.

Wao huanza kwa maskini, basi nami nitaanza hapo hapo. Sharia haikumwacha maskini angojee masazo ya mapambo yetu. Imewawajibisha wenye uwezo kutoa zaka ya fitri, kila mmoja kwa nafsi yake na kwa kila aliye chini ya ulezi wake, mkubwa kwa mdogo, pishi ya chakula, ambayo kwa mizani ya leo hukadiriwa kuwa kilo 2.5 hivi, na imetaka chakula hicho kiwe kimemfikia mwenye haki yake kabla watu hawajasimama katika sala ya Idi. Tazameni utaratibu huo ulivyopangwa kwa hekima: kwanza haki ya maskini, kisha sala, kisha furaha. Mtu aliyekwisha kuitoa pishi yake kabla ya jua kupanda, akarudi kutoka msikitini akaambiwa kwamba asumini zilizo juu ya meza yake ni haki ya maskini, huyo anadaiwa deni ambalo amekwisha kulilipa. Fauka ya hayo, huyo aliyepewa pishi ya mchele amepewa kwa sababu gani, kama si ili siku hiyo asipite milango ya watu, afunge wake, apike, ale na wanawe, naye awe na Idi nyumbani kwake kama wenziwe? Kumpa chakula na papo hapo kumfundisha kwamba furaha ya nyumba ni dhambi ni kumpa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto.

Mimi si mwanachuoni wala sitoi fatwa, lakini kusoma najua. Iko aya ambayo wapinzani wetu wanaitaja mno, ile ya 31 katika Sura ya Al-Aaraf, inayokataza israfu. Naipenda aya hiyo, na laiti wangeisoma tangu mwanzo wake! Maana yaanza kwa kuwaamrisha wanadamu washike pambo lao kila waendapo mahali pa ibada, ndipo ikaja ruhusa ya kula na kunywa, ndipo likaja katazo la kupita kiasi. Na aya ya 32 inayoifuata inauliza, kama anavyouliza anayekemea, ni nani basi aliyeharimisha pambo alilowatolea Mwenyezi Mungu waja wake. Wafasiri wameeleza kuwa maneno hayo yaliteremka kwa sababu ya watu wa zama za ujahili waliokuwa wakiizunguka Al-Kaaba uchi, wakidhani kwamba kuvua nguo ndiko kumcha Mungu. Wasikilizaji wa barazani hutajiwa mkia wa aya wakafichwa kichwa, wakarudi majumbani mwao wakiamini kwamba kuta tupu ni daraja fulani ya ucha Mungu. Na wale waliozunguka uchi nao waliamini vivyo hivyo.

Kadhalika kuna riwaya mashuhuri, imo katika Bukhari na Muslim, ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Abubakari akaingia akawakaripia, naye Mtume akamwambia awaache, kwa kuwa kila kaumu ina sikukuu yake na ile ndiyo sikukuu yetu. Sitazami sana wimbo. Natazama ni nani aliyekaripia. Alikuwa mtu ambaye nia yake njema haina shaka mbele ya Waislamu wote, na bado aliambiwa awaache. Basi ami yangu wa barazani asione haya kuambiwa neno ambalo aliye bora kuliko sisi sote aliambiwa.

Sasa tuje kwenye hiyo israfu, maana ndilo neno ambalo hutupwa kama jiwe na asiulizwe aliyelitupa kwamba amelipima wapi. Israfu ni kupita kiasi, na kiasi ni jambo la hesabu, basi tuhesabu. Mwanamke mwenye mche mmoja wa asumini uani, na jirani mwenye mrehani, huchuma vitumba alasiri vingali vimefumba, kwa sababu vikisha kufunuka haviwezi tena kusubiri sindano. Huvitunga kwa uzi, akavifunga pamoja na vijiti vya rehani na ua la mlangilangi, na akibahatika akapata kilua humo humo hukitia, akawa amepata kikuba cha kuvaa na kingine cha kuweka mtoni. Vitumba vilivyobaki huvimwaga katika sahani ya maji kando ya kitanda. Hivyo huanza kufunuka vyenyewe jua likisha kuchwa, na watu wanaporudi kutoka sala ya isha hukuta chumba si kile walichokiacha. Gharama ya hayo yote ni uzi. Halafu kuna udi. Wenye fedha hununua vijiti vilivyotoka mbali, na wasio nazo hupika udi wao wenyewe kwa sukari, unga wa sandali na marashi, wakaumimina, ukaganda, wakauvunja vipande vidogo vidogo kama ukucha, na kipande kimoja juu ya makaa ya chetezo cha udongo chatosha kuzungushwa kutoka mlangoni hata chumba cha ndani, pembe kwa pembe, na chini ya nguo mpya zilizotundikwa zikingoja asubuhi. Tia chokaa ukutani, tandika mkeka mpya, nyunyiza marashi kwa mrashi wageni wanapoingia, na nyumba imevaa. Anionyeshe mtu ni wapi hapo kiasi kimepitwa, nami nitakiomba radhi kiasi chenyewe.

Bibi yangu, mama wa mama, alikaa miaka yake ya mwisho katika chumba kimoja cha kupanga, na wasemao kwamba mapambo ni kazi ya wenye nafasi laiti wangalikiona chumba kile usiku wa kuandama mwezi. Alikuwa na kanga nne za zamani, za mji mweupe, ambazo hakuzivaa kamwe. Aliziweka sandukuni pamoja na karafuu, na usiku ule alizitundika kwa misumari kuzunguka kitanda chake cha samadari hata kikawa kama cha bibi harusi. Juu ya mlango alichomeka kuti changa la mnazi lililochanwa na kusukwa. Taa ilikuwa moja tu, ya mafuta, na aliiweka chini, si juu, ili kivuli cha kuti kipande ukutani. Hakuna aliyemfundisha hilo. Na alipoulizwa kwa nini ahangaike mwanamke mzee, mjane, asiye na mgeni wa haja, alijibu kwamba mwezi ni mgeni.

Nimesema habari za bibi yangu lakini sisemi tukome pale walipokoma mabibi zetu, kwani desturi isiyoongezwa ni sawa na samli isiyotiwa kijiko, hukaa ikachacha. Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu alikusanya vifuu vya nazi alizokuna Ramadhani nzima, akavikwangua kwa kipande cha chupa na kuvisugua kwa mchanga hata vikang'aa, akavitoboa vitundu vya nyota na hilali kwa msumari wa moto, akatia ndani kipande cha mshumaa, akavipanga kwenye ukingo wa kibaraza chake. Na watoto wa mtaa mzima walikwenda kuvitazama wakaacha kuitazama nyumba ya ghorofa iliyofungwa taa za umeme kutoka juu hata chini. Mwingine alishona pamoja mapindo ya kanga zilizochakaa katikati, maana pindo hudumu kuliko mji, akapata pazia ambalo wageni walidhani limetoka ng'ambo. Vitu hivi vimeumbwa na werevu, na werevu haukatwi katika fungu la maskini.

Naja kwa kijana wangu aliyesoma, mwenye hoja ya kuiga. Huyu nampenda, kwa kuwa akosea kwa sababu ya kujua nusu, na aliyejua nusu yuko karibu kuliko asiyejua kitu. Namwomba apande jahazi aende Lamu, aombe ruhusa aingie katika mojawapo ya majumba ya mawe ya karne ya 18, apite daka, apite kiwanda, yaani ua, afike ndani, atazame ukuta ulioko mbele yake. Ataona vidaka, ambavyo wenyewe huviita zidaka, safu juu ya safu, vimechongwa katika lipu ya chokaa iliyochomwa kwa matumbawe ya bahari yetu wenyewe, vingine vyembamba kiasi cha kutosha bakuli moja tu. Na humo ndimo zilimopangwa sahani na mabakuli ya Kichina, vitabu, na tunu nyinginezo, ili mwanga hafifu utokao uani uziguse zing'ae. Hizo ndizo nyumba za mababu zake. Wala hawakukomea kwa walio hai: aende Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, akayatazame makaburi ya minara yaliyopachikwa sahani za Kichina. Kaumu iliyopamba hata makaburi yake yaambiwa na wajukuu wake kwamba pambo ni jambo la kigeni!

Na hao tunaosemwa kuwa tumewaiga wana kisa chao, ambacho kingemfaa ami yangu kuliko mimi. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa watu waliotaka kuitakasa dini na kila kilichoonekana kwao kuwa nyongeza, lilizifuta sikukuu zote za Kanisa, Krismasi ikiwamo. Siku ya tarehe 25 Desemba ya mwaka huo, katika mji wa Canterbury, meya aliamrisha maduka yafunguliwe kama siku yoyote; watu wakatundika milangoni mwao matawi ya ule mti wa kijani wenye majani ya miba ambao kwao ndio pambo la msimu huo, wakaanza fujo ambazo meya alishindwa kuzituliza. Ng'ambo ya bahari, katika koloni la Massachusetts, sharia ya mwaka 1659 ilimtoza shilingi 5 kila atakayeonekana akiiadhimisha siku hiyo, na haikuondolewa mpaka mwaka 1681. Watunga sharia hao walikuwa na nia ya dini, walikuwa na nguvu ya dola, na walikuwa na ile ile hoja ya moyo. Na yote hayo yakashindwa na tawi la mti. Ama ule mti wa Krismasi ambao vijana wetu hudhani ni wa Waingereza tangu Adamu, wenyewe waliupokea kutoka Ujerumani, na watu wa kawaida wa nchi ile waliuingiza majumbani mwao kwa wingi baada ya gazeti moja la London kuchapa, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wamesimama na watoto wao kuuzunguka. Kumbe na wao wameiga! Sioni aibu hapo. Sahani za vidaka vya Lamu zilitoka Uchina, halua tunayojivunia tumeichukua kwa Waomani, na kanga yenyewe ilipigwa chapa India na Manchester kabla ya kuchapwa kwetu. Aliyeazima akashona kwa mkono wake, kitu ni chake.

Zawadi nazo husemwa vibaya zaidi kuliko mapambo. Husemwa kwamba zawadi ni deni, kwamba leo wapewa na kesho wadaiwa, na kwamba mwisho wake ni mashindano na kununiana. Nakiri kuwa zawadi ni deni. Sikiri kuwa hilo ni kosa. Nani asiyejua kwamba katika mitaa yetu sahani ya jirani hairudi tupu? Ikija na pilau itarudi na tambi, ikija na tambi itarudi na vileja, na akikosa mtu vyote hutia embe mbili au konzi ya sukari, maadamu asiirejeshe sahani inaonyesha kitako chake. Deni hilo halina mwandishi wala hakimu, halilipwi likaisha, na linapoisha ndipo watu wanapojua kuwa majirani hao wamegombana. Mtume mwenyewe amewahimiza wanawake wasidharau kumpelekea jirani hata ukwato wa mbuzi au kondoo, na kama ukwato ni hidaya basi sijui ni kitu gani kilichobaki ambacho maskini hawezi kukitoa. Wahenga walikwisha kusema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na wanaotuambia kwamba Idi ni moyo wangefanya vyema kutazama huo moyo, katika methali yenyewe, umeunganishwa na tendo gani.

Tazameni kanga, ambayo Mombasa huiita leso. Haiuzwi moja, huuzwa doti, mbili zilizounganika. Nayo ni nguo inayosema, kwani tangu ilipoanza kuchapwa jina chini ya mji wake, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi, hakuna mwanamke wa pwani anayenunua kanga kabla ya kusoma. Mwanamke anayemchagulia wifi yake kanga ya Idi hukaa dukani saa nzima akifunuliwa na kufunikiwa, si kwa sababu ya rangi, bali kwa sababu anatafuta maneno ambayo mdomo wake umeshindwa kuyasema mwaka mzima: ya mapenzi, ya kuomba radhi, na wakati mwingine (tusijifanye malaika) ya kuchoma kidogo. Na asiye na bei ya doti mbili hununua moja, akaikata, nusu akavaa yeye na nusu akampa shoga yake, wakatoka siku ya Idi sare, kila aonaye akajua kuwa hawa ni wamoja. Nani atakayeniambia kwamba nusu ile ni pungufu?

Na mkono wa Idi? Huu ndio unaolaumiwa kuliko vyote, kwamba wawafundisha watoto kuomba. Mimi nimeutazama kwa makini, na ninachokiona ni hiki: mtoto aliyevishwa nguo mpya, aliyetiwa manukato hata akapiga chafya, huingia nyumba baada ya nyumba, huvua viatu, hutoa shikamoo kwa mzee ambaye siku nyingine humkimbia, huulizwa ni mwana wa nani, hutaja jina la baba na la babu, hupewa sarafu yake akatoka. Kwa sarafu kumi amejua nyumba kumi, na nyumba kumi zimemjua. Na siku atakapopotea au atakapofanya utundu, wapo watu kumi wa kumshika mkono wakamrudisha kwao. Kisha, kule Unguja, mtoto huzipeleka sarafu hizo viwanja vya Mnazi Mmoja jioni, akazila zote kwa pembea na askirimu siku ya kwanza, akalia siku ya pili. Hilo nalo ni somo la hesabu.

Nimefika mahali ambapo sina budi kumpa mpinzani wangu haki yake. Yako mapambo ambayo hata mimi siyatetei. Mwaka fulani nilishawishika, nikanunua katika duka ambalo sitalitaja mkufu wa taa za umeme za rangi saba, nikaambiwa utadumu miaka kumi. Uliwaka usiku wa mwezi, ukakonyeza siku ya Idi mosi, na Idi pili ukazimika wote isipokuwa taa moja ya kijani, ambayo ilikataa kuzimika hata nilipong'oa waya. Maputo yenye maandishi ya kung'aa, maua ya plastiki yasiyonyauka wala kunukia, vikapu vya zawadi vilivyofungwa kwa karatasi ya kuchachatika ambavyo nusu ya bei yake ni utepe: hivi ndivyo vinavyomkopesha baba na kumweka mama rehani, na ndivyo ami yangu anavyoviona anapofumba macho akasema israfu. Lakini dawa ya hivyo si ukuta mtupu. Watu watakaokatazwa asumini hawatakaa bila pambo. Watakwenda dukani, maana jicho la mwanadamu siku ya sikukuu litataka kitu, na mwenye duka halali.

Tena nataka niulize, huyo maskini anayetetewa barazani yuko wapi, anafanya kazi gani? Nitasema mimi. Ni mwanamke wa shamba, anayekata ukindu, akauanika, akauchemsha kwa rangi, akasuka ukili pima baada ya pima akizungumza na wenziwe chini ya mwembe, kisha akauunga ukawa mkeka. Ni mama anayekaa karibu na soko jioni na ungo wa vikuba na mawaridi. Ni fundi wa vyetezo vya udongo, ni mpishi wa halua anayekoroga kwa mwiko mrefu kama kasia hata mikono yake ikafa ganzi. Kwa wengi wa hawa msimu wa Idi ndio mavuno. Nikinunua miyaa yao wamepata bila kuombwa shukrani, wamepokea uso ukiwa juu. Nikiacha kununua kwa kuwahurumia, kisha nikawaletea sadaka ya huruma hiyo, nimewavunjia kazi nikawafidia kwa aibu. Hawajapata kuulizwa hao, katika mabaraza yote niliyokaa, kama wanapenda watu waache mapambo.

Zimebaki habari za ami yangu. Siku ya Idi mosi, baada ya sala, alikuja kunipa mkono kama afanyavyo kila mwaka, akaketi juu ya mkeka mpya, akafukiziwa udi kanzu yake nyeupe ikavimba moshi kama tanga, akanywa kahawa na halua, na hakutaja kitu. Alipoondoka, watu wa nyumbani walimpa sinia ya pilau awapelekee wake, imefunikwa kwa kawa moja ya zile mpya, ya nyekundu na zambarau. Sinia ilirudi kesho yake asubuhi, na ndani mlikuwa na visheti. Kawa haijarudi mpaka leo.